Kupima Weusi Kyela

Baba mdogo anauza kakao, kwa hiyo hamwamini mtu yeyote mwenye mizani. Kabla gunia halijapandishwa, huinama kuangalia kama mshale umelala kwenye sifuri; ukiwa umepita hata unywele, gunia linarudi kwenye baiskeli. Jioni moja ya masika alinikuta mezani nimebana kidude changu juu ya kikadi cheupe, picha yenyewe bado iko pembeni. Akacheka. "Kumbe na wewe unaanzia sifuri, mwanangu!"

Kidude hicho ni densitometa. Kinamulika sehemu ndogo ya karatasi, kinapima mwanga unaorudi, kinatoa namba ya weusi. Kila namba ikipanda kwa 0.3, mwanga umepungua nusu. Ikifika 1 imebaki sehemu moja ya kumi, ikifika 2 ni moja ya mia. Njia hii ya kupima picha ilitangazwa mwaka 1890 na Ferdinand Hurter na Vero Driffield, watu wa kiwanda cha kemikali huko Uingereza, ambao picha ilikuwa starehe yao ya baada ya kazi.

Jicho haliwezi kazi hii. Weka kipande cha kijivu juu ya bahasha nyeupe, kihamishie juu ya kaniki: utaapa kimebadilishwa.

Mimi nililiamini jicho mwaka mzima. Nilikuwa na picha niliyoipiga Matema alfajiri, wingu la kungu limesimama juu ya ziwa kama moshi wa shamba linalochomwa. (Wageni hudhani kweli ni moshi, mpaka vijidudu viwaingie mdomoni.) Kwenye kompyuta wingu lile lilionekana vizuri. Kwenye karatasi ziwa lilitoka kama maji ya kuoshea mchele, na kungu wakapotelea humo. Nikanunua densitometa, nikapima, nikasahihisha. Picha ikazidi kuchafuka. Nikailaumu printa. Nikaulaumu wino. Karatasi nilizoharibu sizitaji, maana mke wangu naye husoma.

Kosa lilikuwa kwenye kikadi. Kina vipande viwili, cheupe na cheusi, kila kimoja na namba yake ya kiwandani. Kwa hivyo viwili kidude hufundishwa kusoma. Juu ya kile cheupe palikuwa na alama ya kidole changu, ya mafuta, huioni mpaka uinamishe kikadi dirishani. Kidude kikadhani weupe ndio ule uchafu. Kila kijivu chepesi kikakiona chepesi kupita kiasi, na programu kwa utiifu wake ikaongeza wino.

Nikakifuta kwa kitambaa cha miwani. Nikaanza upya: cheupe, cheusi, cheupe tena kuhakikisha. Nikachapa ngazi 21 za kijivu na kuziacha mpaka kesho yake, kwa sababu Kyela wakati wa masika karatasi hunywa unyevu na wino haukauki upesi. Ngazi ya mwisho ilisoma 1.6, ambayo kwa karatasi isiyong'aa ni weusi wa kutosha. Zinazong'aa hupita 2, lakini ukizitundika ukutani unajiona mwenyewe.

Picha ilipotoka, baba mdogo aliisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Kungu hao," akasema, kidole kikianza kunyooka.

Nikaudaka mkono wake.