Nyasi Zilizopandisha Asilimia

California ilipotaka vyuo vyake vya umma vipunguze taka, haikuishia kwenye mabango. Sheria ya AB 75 ya mwaka 1999 ilizibana taasisi za jimbo, vyuo vya jamii na kampasi za California State University vikiwamo. Kila chuo kiwe na mpango na mratibu wa taka, kipeleke taarifa kila mwaka, na kiepushe na dampo robo ya taka zake ifikapo 1 Januari 2002, kisha nusu ifikapo 1 Januari 2004.

Hesabu yenyewe ilikuwa nyepesi: jumlisha tani zilizotupwa na zilizoepushwa, kisha gawa zilizoepushwa kwa jumla hiyo. Wepesi huo ndio uliozaa kasoro. Chukua chuo cha kubuni kinachotupa tani 600 na kurejeleza 400. Kina asilimia 40. Mtunza bustani wake, badala ya kuzoa nyasi alizofyeka, siku zote amekuwa akiziacha palepale zioze. Nyasi hizo nazo huhesabiwa kuwa zimeepushwa. Kama chuo hakikuwahi kuzitia hesabuni na sasa kinaziandika tani 200, kinafikisha 600 kwa 1,200, yaani asilimia 50 kamili. Lengo limetimia, na lori la taka bado linabeba tani zilezile 600.

Kinyume chake kinauma zaidi. Ofisi ikichapa pande zote mbili za karatasi, pipa la kurejeleza hupungua. Kwa sheria upunguzaji huo ulikubalika, ila ulihitaji vielelezo, na karatasi isiyonunuliwa haipiti kwenye mizani. Asiyeweka kumbukumbu aliona asilimia yake ikishuka kwa sababu ya kubana matumizi!

Mwaka 2008 sheria ya SB 1016 ikageuza kipimo: paundi zinazotupwa kwa kila mtu kwa siku. Nyasi hazimsaidii tena mtu kupamba taarifa. Kwa maoni yangu, hayo ndiyo marekebisho yaliyofaa kuliko yote.

Mbali na kupima taka, ununuzi wa bidhaa zilizorejelezwa nao una mtego wake. Kanuni za jimbo kwa taasisi zake zinataka karatasi ya kuandikia na kuchapia iwe na angalau asilimia 30 ya nyuzi kutoka karatasi iliyokwisha kutumiwa na watu. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito, kwani vipande vinavyokatwa kiwandani hurudishwa kwenye rojo hata bila sheria. Kuvinunua hakupunguzi kitu damponi. Ndiyo maana muuzaji hudaiwa uthibitisho wa maandishi, akijua kwamba kudanganya hapo ni sawa na kuapa uongo. Afisa ununuzi asiyeandika sharti hilo kwenye zabuni ataletewa katoni yenye alama ya kijani na karatasi mpya tupu.

Kwa hiyo, chuo kikikutambia asilimia zake za urejelezaji, omba kwanza stakabadhi za mizani ya dampo, kisha idadi ya wanafunzi.