Duka la Chai ya Boba: Mteja wa Kwanza ni Mwenye Duka

Anayetaka kufungua duka la chai ya boba, yaani chai yenye tembe laini za kutafuna, kwa jina la Mixue, kampuni iliyoanzishwa na Zhang Hongchao mjini Zhengzhou, China, mwaka 1997, hatozwi fedha nyingi kwa jina lenyewe. Ada ya mwaka ni takriban yuani 11,000 katika miji mikuu ya majimbo, 9,000 katika miji ya kati na 7,000 katika miji midogo. Hata hiyo ya juu kabisa ni kama shilingi 200,000 za Kenya. Matangazo ya franchaizi, yaani biashara ya kutumia jina na mfumo wa kampuni nyingine kwa mkataba, hupenda kuishia hapo, na wengi wenye mtaji mdogo hupiga hesabu yao kuanzia hapo. Huko ni kuanzia mahali pasipofaa. Gharama ya duka la namna hii husomeka vizuri zaidi katika vitabu vya kampuni inayotoa jina, kwa kuwa namna kampuni hiyo inavyoingiza fedha ndiyo namna mwenye duka anavyozitoa.

Mixue ilipojiandaa kuuza hisa Hong Kong, ambako iliorodheshwa Machi 2025, ililazimika kuweka vitabu vyake wazi. Mwaka 2023 ilipata mapato ya yuani bilioni 20.3. Ada na huduma zinazohusiana na franchaizi zilileta asilimia 2 tu ya fedha hizo. Asilimia 98 zilitokana na kuwauzia wenye maduka unga wa maziwa, sukari, majani ya chai, matunda yaliyosindikwa, vikombe, mirija, mashine za barafu na mashine za kufunga vikombe. Zaidi ya asilimia 99 ya maduka yake ni ya watu waliochukua jina. Kwa hiyo Mixue ni kiwanda na mtandao wa maghala, na mteja wake wa kwanza si kijana anayenyonya mrija barabarani. Ni mwenye duka.

Tuchukue hesabu hiyo tuishushe kwenye duka moja. Kampuni ilianza 2023 na maduka karibu 29,000, ikaumaliza mwaka ikiwa na zaidi ya 37,000, kwa hiyo wastani ni kama 33,000. Maduka hayo yaliuza vinywaji vya takriban yuani bilioni 47.8, vikombe vipatavyo bilioni 7.4. Ukigawanya, duka la wastani liliuza vikombe 600 kwa siku, kila kimoja kwa yuani 6 na nusu hivi. Kama duka liko wazi saa 12, hivyo ni vikombe 50 kila saa, asubuhi ya mvua pamoja na mchana wa joto. Sasa linganisha yale mapato bilioni 20.3 na hayo mauzo bilioni 47.8: katika kila yuani 100 zilizoingia kwenye droo ya duka, zaidi ya 40 zilirudi kwa mwenye jina. Ni kweli sehemu ya fedha hizo ni mashine za maduka mapya, ambazo hazinunuliwi kila mwaka. Hata hivyo picha haibadiliki sana. Duka la wastani lilipeleka kampuni yuani kama 600,000 kwa mwaka kwa ajili ya bidhaa na vifaa, na 12,000 tu kwa ada. Tangazo linamwonyesha mtu hizo 12,000.

Kilichobaki, yaani chini ya 60 katika kila 100, ndicho kilipe kodi ya pango, mishahara, umeme, makato ya kampuni za kupeleka chakula nyumbani na uchakavu wa mashine, ndipo kiwe faida. Pango ndilo hatari zaidi, maana duka la vikombe 600 kwa siku haliwezi kujificha uchochoroni. Fremu nzuri China, kama ilivyo Kariakoo jijini Dar es Salaam, mara nyingi hupatikana kwa kumlipa kilemba mpangaji anayetoka, na fedha hiyo haimo kabisa katika makadirio ya kampuni. Makadirio ya Mixue ya kuanzia yuani 210,000 hivi, pamoja na dhamana, mashine, ukarabati na shehena ya kwanza ya bidhaa, hayahesabu pango. Mtu anaweza kusoma karatasi hiyo neno kwa neno, akaielewa yote, na bado asijue duka litamgharimu kiasi gani.

Halafu kuna gharama ambayo haimo katika karatasi yoyote, nayo iko sufuriani. Tembe za boba hutengenezwa kwa wanga wa muhogo. Huchemshwa kama nusu saa, zikaachwa zijipikie kwenye maji hayo ya moto, kisha zikalowekwa kwenye sukari iliyoyeyushwa. Zikitoka hapo ni laini na zinavutika, lakini baada ya saa nne hivi huanza kuwa ngumu katikati, na duka linalojali jina lake huzimwaga. Mwenye duka hukisia mauzo ya saa nne zijazo kila anapowasha jiko. Akipika kidogo, foleni inaondoka. Akipika nyingi, anatupa bidhaa aliyokwisha kuilipia. Hasara hiyo ni yake peke yake, kwa sababu kampuni ilipata chake gunia lilipotoka ghalani.

Watetezi wa mfumo huu wana hoja yenye uzito, nayo ni kwamba kampuni hununua kwa wingi. Mixue yenyewe imeeleza kwamba malimau yake huyapata kwa bei iliyo chini ya wastani wa soko kwa zaidi ya asilimia 20. Basi hata ikiongeza faida yake, mwenye duka bado anaweza kuuziwa kwa bei ambayo asingeipata mwenyewe. Nakubali. Ila bei ya kikombe nayo hupangwa na kampuni, na maji ya limau ya yuani 4 ndiyo chambo chake sokoni. Unafuu wa ununuzi kwa sehemu kubwa humfikia mnywaji, na mwenye duka hubaki na nafasi nyembamba kati ya bei mbili ambazo hakupanga hata moja.

Hoja ya pili ni kwamba maduka yanayofungwa ni machache kulinganisha na yaliyopo. Takwimu hiyo nayo inahitaji kusomwa polepole. Mtandao unaoongeza maelfu ya maduka kila mwaka daima una maduka mengi machanga, na duka la miezi minane halijapata muda wa kufa. Isitoshe, aliyekwisha kulipa kilemba na kununua mashine huendelea kufungua mlango hata anapopata kidogo kuliko mshahara wa kuajiriwa. Na maslahi hapa hayalingani. Kampuni ikiweka duka la pili mtaa wa jirani, la kwanza huweza kupoteza robo ya wateja, lakini maduka mawili yakijumlishwa hununua bidhaa nyingi kuliko lile moja. Kilicho ukuaji kwa mmoja ni upungufu kwa mwingine.

Kampuni nyingine za China zinaonyesha jambo hilohilo kwa njia tofauti. Nayuki, iliyojulikana kwa maduka makubwa ya kifahari inayoyamiliki yenyewe, ilianza kutoa franchaizi Julai 2023 ikitaka uwekezaji wa karibu yuani milioni moja. Februari 2024 ikashusha hadi takriban 580,000. Gharama ya kuingia hupandishwa na kushushwa kulingana na haja ya anayeuza jina, kwa hiyo haiwezi kuwa kipimo cha thamani ya biashara yenyewe. Heytea, mshindani wake, ilisitisha kupokea maombi mapya ya franchaizi Februari 2025 ikisema haitaki vita vya bei na vya idadi ya maduka.

Kwa nini basi mtu asifungue duka lake bila jina la mtu? Mapishi hayana mwenyewe. Nchini Taiwan, Chun Shui Tang ya Taichung na Hanlin ya Tainan zilishtakiana miaka kumi kuhusu nani aliyevumbua kinywaji hiki, na mwaka 2019 mahakama ikaona hakuna haja ya kumtaja, kwa kuwa yeyote anaweza kukitengeneza. Lakini mpishi huru naye hununua tembe mahali fulani. Mwaka 2021 bandari za California ziliposongamana, maduka ya Marekani yaliishiwa boba, yenye jina na yasiyo na jina. Anayenunuliwa katika franchaizi ni msambazaji wa uhakika, na huyo ana thamani halisi. Thamani hiyo hupungua pale mkataba unapomfunga mwenye duka kwa msambazaji huyo mmoja. Wakenya waliliona hilo Januari 2022: KFC iliishiwa chipsi kwa sababu meli zilichelewa kuleta viazi, katika nchi yenye mashamba ya viazi Nyandarua na Meru.

Marekani, sheria inamtaka mwenye jina ampe mteja hati ya maelezo siku 14 kabla ya kusaini, ikiwa na makadirio ya uwekezaji na bidhaa anazolazimika kununua kwake. China ni siku 30, na kampuni lazima iwe na angalau maduka mawili yake yenyewe yaliyofanya kazi zaidi ya mwaka. Kenya na Tanzania hazina sheria mahususi ya franchaizi, kwa hiyo ulinzi huo mtu ataudai mwenyewe. Kabla ya kulipa dhamana, dai kwa maandishi orodha ya bei za bidhaa zote utakazolazimika kununua na ni nani anaweza kuzipandisha, dai umbali ambao kampuni haitaweka duka jingine, na dai idadi ya maduka yaliyofungwa yakiwa na umri chini ya miaka miwili. Kampuni isiyotoa majibu hayo matatu usiilipe.