Kuusoma Umri wa Maji

Bonde la East River, katika milima ya Rocky jimboni Colorado, Marekani, hujaa theluji kila majira ya baridi. Maji yake huingia mto Gunnison, kisha mto Colorado unaotegemewa na watu wapatao milioni 40. Theluji ikiyeyuka, sehemu yake huzama ardhini na kuulisha mto wakati wa kiangazi. Je, maji hayo hukaa chini kwa muda gani? Swali hilo hujibiwa na mikono isiyo na haraka.

Kazi huanza juu ya theluji. Mtafiti huchomeka bomba la alumini lenye meno mpaka liguse ardhi, akasoma kina. Akilichomoa, hutazama kama limeleta udongo kidogo, ishara kwamba limefika chini kabisa. Huukwangua udongo huo, akalitundika bomba kwenye mizani. Uzito humwambia kiasi cha maji. Mbinu hii iliasisiwa na James Church, profesa wa Kilatini huko Nevada, mwanzoni mwa karne ya 20.

Kiangazi hufika zamu ya visima. Utepe wa kupimia hushushwa polepole, nao hulia unapogusa maji. Huinuliwa, hushushwa tena, mpaka vipimo vilingane. Kisha pampu hutoa maji yaliyotuama, huku mtafiti akifuatilia joto, uchachu na chumvi. Namba zikiendelea kubadilika, hachoti hata tone.

Zikitulia, hujaza chupa hadi ukingoni na kuifunga bila kiputo, kwa kuwa uvukizi ungeharibu ushahidi. Oksijeni nzito ni chache katika theluji kuliko katika mvua ya kiangazi, hivyo chupa hiyo hueleza maji yalianguka msimu gani. Maji mengine hupitishwa katika bomba la shaba, likagongwagongwa ili viputo vitoke, kisha likabanwa ncha zote mbili. Gesi zilizonaswa humo hueleza joto la mahali maji yalipoingilia ardhini. Tritiamu, hidrojeni yenye mionzi iliyomo katika maji, nayo hupungua kwa nusu kila miaka 12.3; hivyo maji yaliyokaribia kuishiwa nayo yalianguka kabla ya majaribio ya mabomu ya nyuklia kuijaza angani, kilele chake kikiwa 1963.

Ongezeko la joto duniani linapunguza theluji na kuiyeyusha mapema. Wanaogawana mto Colorado wanahitaji kujua akiba iliyo chini ya milima ni ya miaka mingapi, na hujazwa upya kwa kasi gani. Jibu la kuaminika watalipata kwa yule anayekubali kungoja kisimani mpaka namba zitulie.