Neno “Kuiga” na Bakuli Nyeupe za Basra

Katika maandishi mengi kuhusu sanaa ya Kiislamu, bakuli nyeupe za Basra za karne ya 9 huelezwa kwa neno moja: kuiga. Neno hilo halikosi msingi. Friedrich Sarre na Ernst Herzfeld walipochimbua Samarra, uliokuwa mji mkuu wa makhalifa wa Bani Abbas, kati ya 1911 na 1913, vigae vya kaure ya China na vya udongo wa Iraki vilipatikana katika magofu yale yale, na maumbo ya bakuli hizo yanafanana mno. Hata hivyo, mhakiki anayeishia kwenye umbo hajaitazama kazi yenyewe.

Udongo wa Basra ukichomwa hugeuka manjano hafifu. Wafinyanzi wake hawakuwa na kaolini, wala joko lao halikufikia joto la majoko ya China. Weupe, basi, haukuweza kutoka ndani ya udongo. Ilibidi uvikwe juu yake. Fundi alitia madini ya bati katika utando wa kioo chenye risasi, na chembe za bati, zikibaki ndani ya kioo, zikatawanya mwanga na kuuficha udongo. Mbinu hii haikutoka China, ambako kaure haikuihitaji.

Zaidi ya hayo, kaure nyeupe iliyofika Iraki kwa kawaida haikuwa na mchoro. Fundi wa Basra aliuchukua weupe ule kama ukurasa: akaandika juu yake kwa kobalti, pengine jina lake mwenyewe. (Mwigaji gani hutia sahihi?) Kisha akachora kwa fedha na shaba juu ya utando uliokwisha kuchomwa, akakirudisha chombo jokoni katika moshi na hewa haba, hadi mchoro ukang'aa kama metali. Moshi ukizidi au ukipungua, kazi yote huharibika.

Katika jahazi lililozama karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, lenye bakuli iliyoandikwa tarehe inayolingana na 826, mna sahani tatu zilizochorwa kwa buluu huko China, kwa nakshi za ladha ya Asia Magharibi. Nani hapo alimwiga nani?

Swali hili linaihusu pia pwani ya Afrika Mashariki. Huko Manda, vyombo vya Iraki na vya China vilitua pamoja, lakini mara nyingi vigae vyake husomwa kama ushahidi wa biashara tu, bila kuuliza mnunuzi alipendezwa na kipi, na kwa nini.