Bonde la Mkondoa kwenye gemu la treni: kazi iko kwenye mto

Waulize wapenzi wa magemu ya treni njia ipi ya Kijerumani inayopendeza kando ya mto, na wengi watakutajia Mosel, kati ya Koblenz na Trier. Njia hiyo ilifunguliwa mwaka 1879, na kwenye Train Simulator ya kampuni ya Dovetail Games imo tayari, pamoja na mashamba yake ya zabibu na ngome zake za mlimani. Pendekezo langu la njia ya kujengwa kwenye gemu liko karibu zaidi na nyumbani. Wajerumani walijenga reli nyingine inayouambaa mto, na mto huo uko mkoani Morogoro. Kutoka Kilosa hadi Gulwe, kilomita zipatazo 80, Reli ya Kati inapanda milima ya Usagara ikifuata Mto Mkondoa, kupitia Munisagara, Mzaganza, Kidete na Godegode.

Msomaji wa hapa Runzewe ataniuliza sisi na reli wapi na wapi. Kweli, iliyo karibu nasi inapita Isaka, ng'ambo ya Kahama. Vijana wetu gemu wanalolijua ni la mabasi, lile la Bus Simulator Indonesia, ambalo wanalivalisha rangi za mabasi ya Kitanzania na kulichezea kwenye simu. Ila kontena likishushwa Isaka kwenda Rwanda, lori linalolibeba hupita katikati ya mji huu kuelekea Nyakanazi na Rusumo. Mkondoa ukifurika, mzigo uliokwama relini hutafuta barabara, na barabara yenyewe ndiyo hii yetu.

Tuanze na aliyejenga, maana bila kuelewa alichokuwa anakikwepa huwezi kukiiga. Kampuni ya Philipp Holzmann ilianza kutandika reli Dar es Salaam mwaka 1905, kwa fedha zilizopangwa na Deutsche Bank. Ilifika Morogoro Desemba 1907, Dodoma 1910, na Kigoma Februari 1914. Ukishatoka Kilosa kwenda bara, mbele yako kuna ukuta. Kilosa iko kwenye mita kama 500 juu ya usawa wa bahari, Dodoma inazidi 1,100, na katikati ni milima. Mlango wa asili ni bonde la Mkondoa. Misafara ya pwani ilishaujua mlango huo muda mrefu, na Stanley naye alipita humo mwaka 1871 akienda kumtafuta Livingstone. Wahandisi wa Holzmann walifanya ambalo mhandisi yeyote mwenye bajeti finyu angefanya: waliufuata mto, kwa kuwa maji yalikwisha kuwachimbia njia yenye mteremko unaobebeka.

Bei yake ni kona. Mto haunyooki, na reli inayoufuata inajipinda nao. Bei ya pili, kubwa zaidi, ni kwamba reli imelazwa mahali ambapo mto hulala ukivimba.

Huko Mosel Wajerumani hao hao walipofika Cochem, ambapo mto unazunguka kitanzi cha kilomita nyingi, walikataa kuzunguka nao. Walitoboa mlima kwa handaki la mita 4,205. Mkondoa haukupewa handaki la namna hiyo. Koloni lilijengewa reli ya geji ya mita moja, nyepesi, ya kujengwa haraka. Imebidi tusubiri zaidi ya karne moja ndipo SGR, reli mpya ya kisasa, kwenye kipande cha Morogoro hadi Makutupora, itoboe milima ya Kilosa kwa mahandaki. Abiria wa treni ya umeme iliyoanza kufika Dodoma Julai 2024 anapita gizani kwa muda mfupi, na bonde lenyewe halioni sawasawa. Ndiyo maana nasema gemu lijengwe juu ya reli ya zamani. SGR ni nzuri kusafiria. Ya kuendesha ukiwa umekaa mbele ya kompyuta ni ile inayokunyima usingizi.

Sasa ufundi. Programu ninayoipendekeza ni Open Rails, kwa sababu haina malipo, msimbo wake uko wazi, na haidai kompyuta ya kifahari. Inatumia muundo wa faili wa Microsoft Train Simulator ya mwaka 2001. Ardhi yake imekatwa vigae vya mraba, kila upande mita 2,048, na ndani ya kila kigae pointi za mwinuko zimepangwa kwa hatua ya mita 8. Njia yenyewe unaipata kwenye OpenStreetMap, ambako Reli ya Kati imechorwa. Mwinuko unaupata kwenye vipimo vya rada vilivyochukuliwa na chombo cha angani Endeavour Februari 2000, ambavyo kwa Afrika vilitolewa bure kwa kipimo cha mita 30 mwaka 2014.

Hapo ndipo wengi wanaponaswa. Mita 30 ni nyingi mno kwa bonde jembamba. Kwenye mraba mmoja wa mita 30 kwa 30 kunaweza kuingia ukingo wa mto, tuta la reli na mguu wa mlima, vyote vikapewa namba moja ya mwinuko. Rada nayo, penye miti, hupima karibu na vilele vya miti badala ya udongo. Ukimimina data hiyo kwenye gemu bila kuigusa, utapata mto unaopanda mlima, kisha reli inayopiga mbizi, inaibuka, inapiga mbizi tena. Treni itapita ikichovya magurudumu majini, na dereva atahisi anaendesha juu ya ubao wa kufulia.

Dawa ni kubadili mpangilio wa kazi: anza na mto, reli ifuate. Chora Mkondoa kutoka Gulwe kushuka Kilosa, kisha ilazimishe kila pointi ya maji iwe chini kuliko iliyoitangulia, hata kama rada inasema vingine. Ukipata mteremko safi wa maji, ipandishe reli juu yake kwa kimo cha tuta, na uilainishe kwa umbali mrefu, mita mia kadhaa kwa mkupuo, kwa sababu treni haipandi ghafla kama bodaboda. Mlima uje mwisho, uungane na tuta. Ukifanya kinyume, ukianza na mlima, utatengeneza kona moja mara kumi na bado ikukatae.

Kona zenyewe zisichorwe kwa jicho. Picha ya setilaiti inatosha kukuonyesha zinapoanzia na kuishia, lakini kati ya mnyoofu na kona pawe na kipande cha kuingilia taratibu, la sivyo behewa litapigwa kumbo kila mara. Vipande vya reli vinavyotumika kwa kawaida ni vya geji ya milimita 1,435. Yetu ni 1,000. Wapo watakaosema nani atapima. Atakayepima ni jicho: behewa la geji ya mita moja linaning'inia nje ya reli zake kwa namna yake, na mtu aliyewahi kusubiri treni ya Kigoma atagundua kosa kabla stesheni haijapita.

Mto nao usiwe pambo. Sehemu kubwa ya mwaka, upande wa juu, Mto Kinyasungwe unaokuja kutoka Dodoma ni mchanga mtupu. Mvua ikinyesha huko juu, maji yanashuka na mchanga wake, yanafika bondeni huku mbingu ya Kilosa ikiwa nyeupe. Mchanga unajaza chini ya madaraja na kwenye makalavati, maji yanakosa pa kupita, yanapanda tuta, yanakomba kokoto, na reli inabaki ikining'inia na mataruma yake hewani. Ndicho kilichotokea mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010: Kilosa ilifurika, reli kati ya Kilosa na Gulwe ikakatika, na treni za abiria zikasimama kwa miezi. Shirika la Japan la JICA lilikuja baadaye kufanya utafiti wa kuikinga njia hiyo na mafuriko. Kwenye gemu jambo hili halihitaji uchawi wowote. Tengeneza matoleo mawili ya bonde, la kiangazi na la masika. La masika liwe na maji ya kahawia hadi kwenye tuta, na vipande vya kwenda mwendo wa tahadhari vinavyobadilika kila unapoanza safari. Dereva aanze kuangalia maji kabla hajaangalia saa.

Breki ni suala jingine, na hapa sitanii. Treni ya tani 1,000 ikiwa kwenye mwinuko wa asilimia moja tu inavutwa kurudi nyuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani 10, muda wote, hata ikiwa imesimama. Tarehe 24 Juni 2002, mbele kidogo ya Gulwe, treni ya abiria ilishindwa kupanda, ikaanza kurudi nyuma, ikashika kasi, na kugongana na treni ya mizigo karibu na stesheni ya Igandu. Walikufa watu 281. Kuifanya ajali hiyo kuwa zoezi la gemu ni utovu wa adabu, na nitampinga atakayejaribu. Ila fizikia yake lazima iwemo: upepo ukiisha kwenye matangi ya breki ya mabehewa, breki zilegee kweli, na mlima usimsamehe dereva aliyesahau.

Mazoezi ya kuendesha yapo tele bila kugusa misiba. Kuna kupishana kwenye njia moja, ambapo unasubiri Kidete hadi stesheni ya mbele ikupe ruhusa. Kuna treni ya mizigo ya Isaka inayopanda usiku wa masika. Na kwa wapenzi wa mvuke, kuna mzigo ambao njia ya Mosel haitakupa: meli. Graf von Götzen, ambayo leo tunaiita Liemba, ilijengwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikaja Dar es Salaam, na makasha yake yapatayo 5,000 yakapelekwa Kigoma kwa reli hii. Yote yalipita Mkondoa kabla meli haijashushwa Tanganyika Februari 1915.

Jambo moja rada na setilaiti haziwezi kulitoa, nalo ni mchoro wa mwinuko wa njia, ule unaoonyesha kila mpando, kila kona na kila kalavati kwa namba ya kilomita. Ninaliomba Shirika la Reli, TRC, liruhusu nakala ya kipande cha Kilosa hadi Gulwe itumike kwa kazi hii. Na wewe mstaafu wa reli uliyewahi kuendesha au kutembea na nyundo kwenye bonde lile, kaa na kijana mmoja mwenye kompyuta, umweleze kona moja baada ya nyingine. Mwanze na Kilosa hadi Munisagara tu. Hicho kikikaa sawa, kilichobaki kitafuata.