Lafudhi ya Mzee Ojwang ilivyotengenezwa

Benson Wanjau, mwigizaji wa Mzee Ojwang, alikuwa Mkikuyu. Watazamaji wengi wa kipindi cha vichekesho cha Vitimbi walikaa miaka bila kulijua hilo, na wapo waliobisha hata walipoambiwa, kwa kuwa Mzee Ojwang Hatari waliyemwona kwenye runinga alikuwa Mjaluo kuanzia jina hadi matamshi.

Ugumu wa kazi ile ulikuwa mdomoni. Kikuyu hakina “l”, ndiyo maana Mkikuyu asiyeuchunga ulimi wake husema “rara” akitaka kusema lala, na akijaribu kujisahihisha huenda “l” ikaangukia pasipo pake. Mjaluo hana shida hiyo. Kwake “r” na “l” hazigusani. Kinachomponyoka ni “sh”, sauti ambayo Dholuo haina: shamba linakuwa “samba”, shida inakuwa “sida”. “Z” nayo hulegea, maziwa yakawa “masiwa”. Kwa hiyo Wanjau alibeba mizigo miwili kwa mpigo, kuzika kosa la kwao na kulivaa la jirani. La pili hata mtani wa kijiweni analiweza. La kwanza ndilo kazi, hasa mhusika anapopandwa na mori na maneno yakatoka mbio, na Ojwang hakuwa mtu wa kupoa.

Mazingira nayo hayakuwa mepesi. Shirika la utangazaji la Sauti ya Kenya, lililogeuka KBC mwaka 1989, ndilo lililokuwa na runinga pekee nchini hadi kituo cha KTN kilipoanza mwaka 1990. Aliyechukia kipindi hakuwa na pa kuhamia. Na siasa za Wakikuyu na Wajaluo zilikuwa zimejaa uhasama tangu miaka ya 1960, kwa hiyo Mkikuyu aliyejivika Ujaluo angeweza kuonekana anatukana watu.

Kilichomwokoa, ukimtazama kwa makini, ni muda. Mchekeshaji wa jukwaani huazima lafudhi ya kabila fulani kwa dakika tatu, watu wakaicheka hiyo lafudhi yenyewe, akashuka. Wanjau aliishi ndani ya yake miaka nenda miaka rudi. Sikio likishaizoea, lafudhi haichekeshi tena. Kicheko inabidi kitafutwe kwingine. Yeye alikitafuta kwenye majivuno ya mwanamume anayedhani neno lake ndilo la mwisho nyumbani.

Hapo alimhitaji Mary Khavere, aliyeigiza mkewe, Mama Kayai. Ojwang angefoka, mama naye akamjibu, na amri ikawa imekwisha nguvu. Waliivana kiasi kwamba wapo waliosadiki kuwa ni mke na mume hata nje ya kamera. Hawakuwa.

Malipo ya ustadi huo ni habari nyingine. Uzeeni macho yalimsumbua Wanjau, na ilibidi wasamaria wema wachange fedha za matibabu. Alifariki tarehe 12 Julai 2015 katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi.