Jicho la Kocha

Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya kiko Kwimba, mkoani Mwanza, mbali na viwanja tunavyovizoea kwenye televisheni. Anayekwenda kusomea ukocha aghalabu ameshacheza mpira au kukimbia, na huamini mchezo anaujua. Mpe sasa aandike andalio la mazoezi ya saa moja na nusu: wachezaji wapashe misuli vipi, wapumzike lini, kila zoezi lilenge nini. Kalamu huwa nzito.

Naiheshimu kazi hii kwa yale yasiyoonekana jukwaani. Mtazamaji husikia filimbi tu, hesabu iliyo nyuma yake haioni. Mkimbiaji aliyetimka kwa nguvu zake zote sekunde 10 huhitaji kama dakika tatu ndipo misuli irudishe akiba yake. Kocha asiyelijua hilo humrudisha mstarini baada ya nusu dakika akidhani anamkomaza, kumbe anamzoeza kukimbia polepole. Na mtoto wa miaka 13? Mifupa yake bado ina sehemu laini inakokulia. Ukimtwisha mazoezi ya watu wazima, huenda magoti yakaharibika kabla kipaji chake hakijajulikana.

Wapo wanaosema kocha huzaliwa, na humtaja Colm O'Connell. Bruda huyo kutoka Ireland alifika Iten, Kenya, mwaka 1976 kufundisha jiografia katika shule ya St. Patrick's, bila mafunzo yoyote ya riadha. Mwaka 2012 David Rudisha, kijana aliyemnoa, alishinda mita 800 kwenye Olimpiki ya London kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia. Ni kweli tupu. Lakini hapo katikati kuna miaka 36 ya kutazama miguu ya vijana. Mtafuta ajira hana muda huo, wala watoto wa watu hawastahili kuumia wakati yeye anajifunza.

Kuhusu ajira yenyewe, benchi la klabu za soka za Simba au Yanga lina nafasi chache, na mara nyingi huchukuliwa na wageni. Hata hivyo leseni za ukocha za CAF, shirikisho la soka la Afrika, zina ngazi, kuanzia D, na riadha nayo ina njia zake: Suleiman Nyambui, mshindi wa medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, alikwenda kufundisha hadi Brunei.

Mimi macho yangu yako shuleni. Timu nyingi hukabidhiwa mwalimu yeyote mwenye nafasi, wiki chache kabla ya UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari. Hapo ndipo mhitimu wa Malya anapotakiwa, tena tangu Januari, akiwa na daftari lake, akiwapanga watoto kwa umri badala ya urefu.